Kabla hujachagua chuo cha uhandisi wa nyuklia

Kila dirisha la ufadhili linapofunguliwa, swali linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa fizikia na uhandisi ni lile lile: chuo gani kizuri kwa nyuklia? Mmoja atataja MIT, wa pili atasema Moscow, wa tatu atajibu popote wanapolipa. Huyu wa tatu walau kasema ukweli wake. Lakini wote wameanzia mwisho. Fani hii ni ndogo. Vyuo vyenye kinu cha utafiti ndani ya uzio wao vinahesabika, na hata kwenye chuo chenye jina la kutisha unaweza kukuta profesa mmoja tu anayeshughulika na unachokitaka, naye amebakiza miaka miwili astaafu.

Ushauri wangu ni uende kinyume. Anza na kazi unayotaka kuifanya baada ya masomo, iwe nyumbani au ughaibuni. Itafutie swali la utafiti. Mtafute mtu anayelihangaikia swali hilo. Kisha uliza jambo ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi: je, mwenye pasipoti kama yako ataruhusiwa kuigusa kazi yenyewe? Ukimaliza hayo, orodha ya vyuo inakuwa imeshajipunguza bila wewe kutazama jedwali la ubora.

Nyuklia ipi?

Tuseme una shahada ya kwanza ya uhandisi mitambo, umeme, kemia au fizikia kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Makerere. Ukimwambia mtu wa fani hii kwamba unataka nyuklia, bado hajajua unataka nini. Chini ya neno hilo wamejificha watu ambao hata mikutano yao ya kitaaluma ni tofauti.

Wapo wa fizikia ya vinu. Hawa wanafuatilia nyutroni: ngapi zinazaliwa, ngapi zinamezwa, ngapi zinatoroka, na kama mnyororo wa mpasuko utajiendesha au utafifia. Siku zao nyingi wanazimalizia mbele ya kompyuta, kwa kalkulasi, takwimu na uandishi wa programu. Wapo wa vyuma na mafuta ya nyuklia, wanaouliza chuma kinakuwaje baada ya kupigwa na nyutroni kwa miaka 40. Kazi yao inataka darubini za elektroni na vyumba vyenye kuta nene ambamo vipande vyenye mionzi hushikwa kwa mikono ya mashine. Usiichague mahali ambapo vifaa hivyo havipo au vipo lakini foleni yake ni ya mwaka mzima. Wapo pia wa muunganiko wa atomi, ule unaotafutwa kwenye mradi wa ITER huko kusini mwa Ufaransa. Ni fizikia tamu na fedha zake ni nyingi, ila ukiichagua ujue umechagua pia kuishi mbali na nyumbani.

Wa joto na maji nitakaa nao kidogo, maana nawaona ndio wanaobeba usalama wa kinu. Ukizima kinu, mpasuko unakoma ndani ya sekunde chache, lakini mabaki ya mpasuko yaliyomo ndani ya mafuta yanaendelea kutoa mionzi, na mionzi hiyo inageuka joto. Mara tu baada ya kuzima, joto hilo ni kama asilimia 6 hadi 7 ya nguvu ya awali. Chukua kinu cha kawaida chenye nguvu ya joto ya megawati 3,000. Umekizima, na bado kinatoa joto la takriban megawati 200, kiasi kinachokaribiana na uwezo wote wa kuzalisha umeme wa bwawa la Kidatu, megawati 204. Baada ya siku nzima limeshuka hadi karibu nusu asilimia, lakini nusu asilimia hiyo bado ni megawati 15 hivi, na lazima kitu kiziondoe. Fukushima Daiichi, Machi 2011, tetemeko lilipopiga vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe kama vilivyosanifiwa. Tsunami ikafuata, ikazamisha jenereta za dizeli, pampu zikakosa umeme, na joto la mabaki likayeyusha mafuta ya vinu vitatu.

Mtu wa joto na maji anaishi ndani ya tatizo hilo. Maji yanachemka vipi kwenye njia nyembamba baina ya fimbo za mafuta? Mvuke ukizidi inakuwaje? Maji yanaweza kuzunguka yenyewe, kwa tofauti ya joto peke yake, bila pampu? Vinu vidogo vingi vinavyochorwa sasa vinajinadi kwa jibu la swali hilo la mwisho, kwa hiyo kazi ipo. Na mhandisi mitambo kutoka kwetu huingia hapa kwa urahisi kuliko upande mwingine wowote, kwa sababu pampu, mabomba na vibadilisha joto amekwisha kuvisoma.

Yaliyo karibu na nyumbani

Vijana wengi huruka moja kwa moja kwenye vinu vya umeme na kuyapita yale ambayo yana waajiri leo. Kinga ya mionzi, kwa mfano. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hufanya kazi kila siku bila kinu hata kimoja cha umeme nchini: kukagua mashine za eksirei, vyanzo vya mionzi vinavyotumika viwandani na kwenye ujenzi wa barabara, vipimo vya mionzi wanavyovaa wafanyakazi wa hospitali, mionzi kwenye vyakula. Kenya ina mamlaka yake ya udhibiti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kazi hizi hazina mbwembwe, na ndizo zenye ajira ya kudumu.

Fizikia ya tiba nayo ina njaa ya watu. Mashine ya tibaredio haiwezi kuwashwa kwa mgonjwa kabla mwanafizikia hajathibitisha dozi, na anayekosea hapo anaumiza mtu mwenye jina na ndugu. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia kule Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, kina shahada ya uzamili ya fizikia ya tiba inayotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Trieste; mwaka wa pili mwanafunzi anaumalizia hospitalini, akifanya kazi kwa vitendo. Ukitaka kurudi kwenye hospitali kama Ocean Road au Bugando na kuanza kazi bila kuzungushwa, njia hii ni ya kutazamwa kwa makini kuliko nyingi zinazosifiwa.

Halafu kuna ardhi yetu yenyewe. Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, una urani ambayo imekuwa ikizungumzwa tangu kabla ya mwaka 2012, mwaka ambao Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali kurekebisha mpaka wa pori la akiba la Selous ili mgodi upishwe. Kiwanda cha majaribio kilizinduliwa mwaka 2025. Mgodi wa urani unahitaji mtu anayejua radoni inavyojikusanya hewani, urani inavyosafiri kwenye maji ya ardhini, na mabaki ya uchenjuaji yatahifadhiwaje kwa vizazi ambavyo havijazaliwa. Mtu huyo akiwa mgeni mtupu, tutasoma taarifa zake bila uwezo wa kuzihoji. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, inajulikana kwa kuwa na mionzi iliyo juu ya kawaida. Kilima cha Mrima huko Kwale kina thoriamu nyingi kiasi kwamba watafiti wamekuwa wakikipima kwa miongo. Hapo kuna tasnifu zisizohitaji ruhusa ya nchi nyingine, na sampuli zake unazichukua kwa koleo.

Na ukiwa mtu wa baiolojia usijione umefungiwa nje. Mbung'o wa Unguja walitokomezwa kwa madume waliozalishwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi ya gama, kisha wakamwagwa kwa ndege hadi jike likawa linakutana na dume asiyezaa. Kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o mwaka 1997. Wahandisi wa vinu hupenda kusahau kwamba hiyo nayo ni teknolojia ya nyuklia.

Umeme wenyewe je? Kenya ndiyo iliyotangulia kwenye ukanda huu. Wakala wake wa nishati ya nyuklia umekuwa ukipeleka vijana kusoma nje kwa miaka, na serikali inataja miaka ya 2030 kuwa ndiyo ya kinu cha kwanza. Eneo la Uyombo, Kilifi, lilipotajwa, wakazi walipinga hadi kuandamana mwaka 2024, na mazungumzo yakahamia upande wa Ziwa Victoria, kaunti ya Siaya. Ukisikia hayo, usiishie kulaumu siasa. Ni swali la utafiti: eneo la kinu huchaguliwaje, mvuvi anaelezwa nini kuhusu maji ya kupozea, mpango wa kuwahamisha watu wakati wa ajali unapimwa vipi? Kuna watu wenye shahada za uzamivu kwa maswali kama hayo, na serikali zitawatafuta.

Swali jingine la kwetu ni gridi. Wahandisi wa mifumo ya umeme wana kanuni ya mkono kwamba mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya uwezo wa gridi, kwa sababu ukizimika ghafla mitambo iliyobaki lazima izibe pengo ndani ya sekunde. Kilele cha mahitaji ya Kenya kimepita megawati 2,300 hivi karibuni. Kinu kimoja cha megawati 1,200, kama vile vinne vinavyojengwa El Dabaa nchini Misri, kingekuwa nusu ya kilele hicho. Ndiyo sababu vinu vidogo vinatajwa sana Nairobi, Kigali na Kampala. Mhandisi wa umeme anayeweza kukokotoa tabia ya gridi ya Afrika Mashariki kinu kinapozimika ana tasnifu tayari, na msimamizi wake anaweza hata asiwe mtu wa nyuklia.

Pasipoti yako na programu zao

Hili wengi huligundua wakiwa wamekwisha kulipa nauli. Teknolojia ya nyuklia inalindwa kwa sheria, na sheria hizo humtazama mtu kwa uraia wake, haijalishi ana alama gani.

Uingereza inamtaka mwanafunzi wa nje, isipokuwa wa nchi chache zilizosamehewa, awe na cheti cha ATAS kabla ya kuomba viza ya kusomea masomo nyeti, na nyuklia imo. Cheti ni cha bure, unakiomba ukishapewa nafasi, na unaeleza utafiti wako na umewahi kufanya kazi wapi. Huchukua wiki kadhaa. Mwenye kozi ya mwaka mmoja akichelewa wiki hizo anaweza kuukosa muhula.

Marekani mambo ni mawili. Kwanza viza: nyuklia ni kati ya masomo yanayoweza kupeleka faili lako kwenye uchunguzi wa ziada, na masharti kwa nchi mbalimbali hubadilika mwaka kwa mwaka, basi soma yanayohusu pasipoti yako mwaka huo huo unaoomba, usitegemee simulizi ya kaka yako aliyeenda zamani. Pili, kanuni ya Wizara ya Nishati inayoitwa Sehemu ya 810 huzuia kumpa raia wa nje msaada wa teknolojia ya nyuklia bila kibali, isipokuwa nchi yake iwe kwenye orodha maalumu. Mafunzo ya darasani na utafiti wa msingi unaochapishwa hadharani havizuiliwi. Siri za kampuni inayotengeneza kinu zinazuiliwa. Maana yake kwako ni ya moja kwa moja: profesa akikwambia tasnifu yako itategemea data za ndani za kampuni fulani, muulize mapema nani ataomba kibali na itakuwaje kikichelewa.

Programu za kukokotoa ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu hakuna anayezitaja kwenye mahojiano. MCNP, iliyotengenezwa Los Alamos na ambayo nusu ya makala utakazosoma zinaitumia, haipakuliwi hovyo. Leseni yake hutolewa kwa jina la mtu kupitia kituo cha Oak Ridge, na maombi ya raia wa nje hukaa kwenye uchunguzi, wakati mwingine kwa miezi. Mwanafunzi mwenzako Mmarekani ameipata na ameanza kuandika sura ya pili, wewe unaambiwa subiri. Kwa hiyo uliza kwa barua pepe, kabla ya kukubali nafasi: kundi lenu linatumia programu gani, na wanafunzi wa nje wa miaka mitatu iliyopita walizipata baada ya muda gani? Kundi linalotumia OpenMC iliyoanzia MIT, Geant4 ya CERN au MOOSE ya maabara ya Idaho litakupunguzia karaha, kwa kuwa hizo ziko wazi kwa yeyote. Mimi ningeliweka jambo hili juu ya hadhi ya chuo.

Kinu, darasa na mfuko

Nchi zenyewe nizipitie kwa haraka, maana kila moja ina kurasa zake rasmi.

Korea Kusini ina KINGS, chuo cha uzamili kilicho Ulsan jirani na vinu vya Kori. Kinafundisha kwa Kiingereza, kwa miaka miwili, na huchukua wageni wengi pamoja na Wakorea. Wakenya wamepita hapo. Kimelenga kuwaandaa wasimamizi na wahandisi wa miradi. Anayetaka kuingia wizarani, kwenye wakala au kampuni ya umeme atafaidika sana. Anayeota uprofesa atahitaji utafiti mzito zaidi ya ule.

Urusi ina chuo cha MEPhI mjini Moscow na Chuo cha Politekniki cha Tomsk chenye kinu chake cha utafiti. Ufadhili wa serikali upo, na Rosatom, shirika la nyuklia la serikali hiyo, ndilo linalojenga El Dabaa na ndilo lililo nyuma ya mradi wa Mkuju, basi shahada hiyo ina soko. Hesabu mwaka wa kujifunza Kirusi kama kozi si ya Kiingereza, na ujue kuwa kutuma na kupokea fedha kwa benki kumekuwa kugumu tangu 2022. China inafundisha kozi kadhaa kwa Kiingereza, na Chuo Kikuu cha Tsinghua ndicho kilichozaa kinu kinachopozwa kwa heliamu, chenye mafuta ndani ya mipira ya grafiti yenye kipenyo cha sentimita 6. Kile cha Shidao Bay kilianza kazi ya kibiashara Desemba 2023. Ukipenda vinu vya joto kali, huko ndiko kwenyewe.

Marekani ina vinu vya vyuo kwa wingi kuliko nchi nyingine: Penn State, Jimbo la North Carolina, Texas A&M, Oregon, Missouri. Kuna siri iliyo wazi kuhusu fedha zake. Shahada ya uzamili isiyo na tasnifu mara nyingi unalipa mwenyewe, na ni ghali. Uzamivu unalipiwa, kwa kuwa unaajiriwa kama msaidizi wa utafiti, na idara nyingi zinampokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja. Kijana mwenye matokeo mazuri anayeomba uzamili kwa unyenyekevu anaweza kukosa fedha ambazo angezipata kwa kuomba uzamivu.

Afrika yenyewe tunaidharau bure. Ghana ina shule ya sayansi za nyuklia chini ya Chuo Kikuu cha Ghana tangu 2006, pamoja na kinu kidogo cha kilowati 30 hivi ambacho mwaka 2017 kilibadilishiwa mafuta, yakatolewa ya urutubishaji mkubwa yakawekwa ya mdogo. Kinu kidogo kina faida yake: mwanafunzi anakikaribia. Afrika Kusini ina Chuo Kikuu cha North-West, kinu cha SAFARI-1 kilichoanza 1965 na kituo cha Koeberg karibu na Cape Town, cha pekee barani kinachozalisha umeme wa nyuklia kwa sasa. Na kwa wenye ndugu Ghuba, Chuo Kikuu cha Khalifa mjini Abu Dhabi kina uzamili wa uhandisi wa nyuklia katika nchi ambayo vinu vyake vinne vya Barakah vinatoa karibu robo ya umeme wake. Kwa upande wa historia, kinu cha kwanza Afrika kiliwashwa Kinshasa, mwaka 1959, lakini usiende huko kutafuta nafasi leo.

Dada zangu, msiruke hili: Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, lina ufadhili wa Marie Sklodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma uzamili wa fani za nyuklia, ulioanza 2020. Unatoa hadi yuro 20,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili, kwa ajili ya ada na kujikimu. Haukutafutii chuo. Nafasi ya chuo unaitafuta mwenyewe, kwa hiyo mambo mawili yaende sambamba.

Kumsoma profesa, kisha kumwandikia

Ukishapata majina matano au sita, usikimbilie kuandika. Fungua makala zao za miaka mitatu ya karibuni na uanzie mwisho, kwenye shukrani. Pale wameandika nani alilipia utafiti. Kama mradi uliotajwa unakwisha mwaka ule utakaofika, fedha yako itatoka wapi? Kisha angalia majina ya waandishi. Jina la mwanafunzi likitokea mara tatu kisha likapotea na tasnifu ikaonekana, amemaliza. Majina yanayotokea mara moja na kutoweka bila tasnifu, moja baada ya jingine, yanakwambia habari ambayo profesa hatakusimulia.

Barua yenyewe ndiyo inayoharibu wengi. Maprofesa hupokea kila wiki maneno ya aina hii: "Mimi ni kijana mwenye bidii, napenda nishati ya nyuklia tangu utotoni, naomba nafasi na ufadhili kamili katika chuo chenu kitukufu." Hakuna la kujibu hapo. Linganisha na hii: "Nimesoma makala yenu juu ya maji yanayozunguka bila pampu kwenye njia mbili sambamba. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa hita ya maji ya jua isiyo na pampu, na tuliona mtiririko unaanza kupigapiga jua linapokuwa kali. Je, modeli yenu inatabiri mpigo huo kwa shinikizo dogo? Nimeambatanisha grafu moja. Mnatarajia kuchukua mwanafunzi mwakani?" Sentensi tano. Hita ya jua ya juu ya paa na kinu kidogo kisicho na pampu vinaongozwa na fizikia ile ile, na aliyeandika hivyo ameshaonyesha kwamba analijua hilo. Heshima zetu za kuzunguka na salamu ndefu ziache nyumbani. Kule zinasomwa kama mtu asiyejua anataka nini.

Kama huna mradi wa namna hiyo, utengeneze. Laptopu ya kawaida inatosha. Pakua OpenMC na uchore fimbo moja ya mafuta: kidonge cha oksidi ya urani chenye kipenyo cha milimita 8 hivi, kilichorutubishwa asilimia 4, ndani ya bomba la aloi ya zirkoni, limezungukwa na maji. Programu itakupa namba inayoonyesha kila kizazi cha nyutroni kinazaa kizazi kikubwa kiasi gani. Sasa punguza msongamano wa maji uone namba inashuka, kwa kuwa maji ndiyo yanayopunguza kasi ya nyutroni ili zipasue urani vizuri. Pandisha joto la mafuta, itashuka tena. Kisha soma kwa nini kinu cha Chernobyl, kilichotumia grafiti kupunguza kasi ya nyutroni, kilipanda nguvu pale maji yalipogeuka mvuke usiku ule wa Aprili 1986. Ukiweza kuyaeleza hayo mawili kwa grafu zako mwenyewe, umewapita waombaji wengi wenye alama zinazolingana na zako.

Ukipata jibu la kutia moyo, omba kuongea na mwanafunzi wa kundi hilo bila profesa kuwepo. Muulize analipwa kwa miezi mingapi ya mwaka, alisubiri leseni za programu kwa muda gani, na mwenzao wa mwisho kuhitimu yuko wapi sasa.

Kama umeajiriwa serikalini, soma mkataba wa likizo ya masomo kabla ya kusaini: utatumikia miaka mingapi ukirudi, na kama utarudishwa kwenye kitengo kinachohusiana na ulichosomea au popote penye nafasi. Hilo la pili liandikwe. Wapo waliorudi na uzamili wa usalama wa vinu wakapangiwa manunuzi.

Maombi mengi ya Marekani hufungwa katikati ya Desemba, ya Ulaya kati ya Januari na Machi. Barua za kwanza kwa maprofesa ziende Agosti au Septemba, wakiwa wanajua nani anaondoka na fedha zipi zimeingia. Wanaokuandikia mapendekezo wape wiki sita, pamoja na karatasi moja ya kuwakumbusha ulifanya nini darasani kwao, kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi 200 hakumbuki, na asipokumbuka ataandika kwamba ulikuwa mtulivu na mwenye nidhamu.